Muulize Kocha: Futi tano na inchi tisa

Barua za mwezi huu ni kama zimeandikwa na ukoo mmoja. Kila bahasha ina kijana mfupi anayecheza vizuri mpira wa kikapu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa uwanja mpana kwa sababu mwenyewe ana wiki chache tu za kuamua.

*Shikamoo Kocha. Mimi ni dereva wa lori hapa Ohio, na mpwa wangu nimemlea tangu akiwa darasa la sita. Sasa yuko mwaka wa tatu chuoni, anacheza Divisheni ya Kwanza ya NCAA, daraja la juu la michezo ya vyuo hapa Marekani, ila kwenye ligi ndogo ambayo mechi zake hata mimi huzitafuta kwa tochi. Ni pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi. Msimu huu amefunga wastani wa pointi 19 na kutoa asisti 6, yaani pasi za kufungisha. Kwenye karatasi ya timu wameandika futi 5 na inchi 11, lakini mimi nimempima mwenyewe kwenye fremu ya mlango: futi 5 na inchi 9, na hapo amevuta pumzi. Kuna jamaa amejitokeza anajiita wakala. Anasema mtoto ajiandikishe drafti ya NBA mwaka huu huu, "jina likiwa bado la moto", aachane na chuo. Dada yangu, mama yake, anataka amalize shahada. Mimi nimebaki katikati. Nakuomba usinivike kilemba cha ukoka. Ana nafasi au hana?*
*Mjomba wa Barabarani, Ohio*

Marahaba, mjomba mtu. Pale pa "amevuta pumzi" nilicheka, kisha nikanyamaza, maana zile inchi mbili alizozawadiwa na chuo ndizo zitakazokufa za kwanza. Kila Mei NBA huwaita wachezaji kadhaa Chicago kwenye kambi ya vipimo. Mtu anavua viatu, anasimama na soksi, anapimwa kimo, uzito, upana wa mikono ikiwa imenyooshwa huku na huku, na mkono wake unafika wapi akiuinua juu. Tangu 2019 hata timu za NBA zenyewe zinatakiwa kutoa vimo vya kweli, bila viatu, na mastaa kadhaa wakaonekana wamepungua ghafla. Kwa hiyo tuanze na ukweli wa mlangoni kwako: sentimita 175, kwenye ligi ambayo mchezaji wa kawaida anakaribia mita mbili.

Jibu lako hili hapa. Kuchaguliwa kwenye drafti ya mwaka huu, sioni. Kufika NBA baadaye, naona upenyo, tena mwembamba, na hauko upande anaokuonyesha huyo jamaa wa moto.

Kwa wageni wa safu hii: drafti ninayoisema si ile ya vizibo. Ni shughuli ya Juni ambapo timu 30 zinapokezana kuchagua wachezaji wapya kwa raundi mbili. Hiyo ni nafasi 60, na kuanzia 2022 hadi 2025 zilikuwa 58 au 59 kwa sababu kuna timu zilizonyang'anywa zamu kama adhabu. Zamani raundi zilikuwa nyingi. Spud Webb, mtu wa sentimita 170, alichaguliwa 1985 kwenye raundi ya nne, akiwa wa 87, na mwaka uliofuata akashinda shindano la kudanki mbele ya majitu yote. Leo nafasi ya 87 haipo. Mfupi wa siku hizi anagombea viti vichache kuliko mfupi wa enzi zile, na anavigombea dhidi ya vijana kutoka Ufaransa, Serbia, Australia na kwingineko.

Najua utaniletea Muggsy Bogues. Kila mjomba huniletea Muggsy Bogues. Ni kweli alikuwa na futi 5 na inchi 3, sentimita 160, mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA, na bado mwaka 1987 Washington walimchukua akiwa chaguo la 12 kutoka chuo cha Wake Forest. Wakamweka timu moja na Manute Bol wa futi 7 na inchi 7, na picha yao wakiwa wamesimama pamoja haijazeeka hadi leo. Alicheza misimu 14. Lakini kitu kimoja husahaulika: Bogues hakuwa mfungaji. Alikuwa anautunza mpira kama yai na kumpora aliyezubaa. Mpwa wako anasifiwa kwa pointi 19. Hapo mmeshatofautiana.

Utaniletea pia Isaiah Thomas, na huyu ndiye kimo chenyewe cha mpwa wako, futi 5 na inchi 9. Mwaka 2011 jina lake lilitajwa la mwisho kabisa, la 60, na Sacramento. Msimu wa 2016-17 akiwa Boston alifunga wastani wa pointi 28.9 kwa mechi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kumwangalia, na mke wangu alidhani nimepata ugonjwa. Kisha nyonga ikaumia, kasi ikapungua kidogo tu, na kwa mtu wa kimo kile hicho kidogo kilikuwa ndiyo mali yake yote. Boston wakamwuza Agosti 2017. Hajawahi kuwa yule tena. Nampenda, lakini simpi kijana yeyote kama ramani.

Sasa nikuonyeshe kinachowatisha maskauti, wale wasaka vipaji wa timu. Weka mechi yoyote ya mchujo wa NBA, robo ya nne, uzime sauti. Mtazame mfupi kuliko wote uwanjani wakati timu yake inakaba. Mpinzani mwenye mpira anasimama, anainua mkono, anamwita mwenzake aje. Anayeitwa ni yule anayekabwa na mfupi. Anakuja, anaweka skrini, yaani anasimama kama ukuta kumzibia njia mkabaji, wakabaji wanalazimika kubadilishana watu, na sasa mfupi wako amebakiwa na jitu la futi 6 na inchi 8. Wenyewe wanasema wanamwinda. Jitu halina haraka. Linadunda mara mbili, linainuka, linatupa juu ya kichwa chake kama vile pale hakuna mtu. Shambulizi linalofuata, mkono unainuliwa tena. Enzi za Bogues kumwadhibu mfupi ilikuwa kazi, ilibidi uwe na gadi anayejua kucheza akiwa amegeuzia kikapu mgongo. Leo kila timu ina watu watatu wanaojua kumwinda.

Kwa hiyo mpwa wako akifunga 30, skauti anaandika kwenye daftari maswali mawili. Akiwindwa atafanya nini? Na mpira ukiwa mikononi mwa mwingine, yeye ana kazi gani?

Waliofaulu mtihani huo karibuni hawafanani hata kidogo, na hili ndilo linalonipa moyo. Fred VanVleet ana futi 6, alimaliza miaka minne chuo cha Wichita State, na mwaka 2016 hakuna timu iliyotaja jina lake. Toronto wakampa nafasi ya kujaribu. Ukimtazama akikaba utaona haruki ovyo kuzuia mtupo. Ana kifua kama pipa, anasimama chini, na mpira ukishuka tu kiunoni mwa mtu mrefu, mkono wake umeshafika. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa NBA, 2022 akachaguliwa Nyota wa NBA, na 2023 Houston wakampa mkataba wa miaka mitatu unaokaribia dola milioni 130. Mtu asiyetajwa usiku wa drafti!

Jose Alvarado wa Georgia Tech naye hakuchaguliwa, 2021. Alikuwa mkabaji bora wa ligi yao ya chuo mwaka huo. Mchezo wake wa kujificha nauonyesha vijana wangu wote. Timu yake ikishafunga au ikishatupa mtupo huru, yeye anachuchumaa pembeni kabisa ya uwanja, kwenye kona, nyuma ya migongo ya watu. Mwenye mpira anaanza kupanda taratibu, anaangalia mbele, anapanga. Alvarado anatoka kule nyuma kwa kunyata kama paka wa jikoni, na mpira umeondoka. Ufupi hapo ni mtaji, maana jitu la futi 7 litajificha wapi? Na T.J. McConnell, naye hakutajwa mwaka 2015. Aliwahi kupora mipira 9 katika nusu moja ya mechi, 2021, mingi kwa kuvizia pasi ambazo watu huzitoa kwa uvivu. Mwaka 2025 alicheza fainali ya NBA akiwa na Indiana.

Kwa upande wa kushambulia, mwonyeshe Jalen Brunson, lakini amtazame miguu. Ana futi 6 na inchi 2, si mrefu wala si mwepesi kwa viwango vya pale. Alitwaa ubingwa wa vyuo mara mbili na Villanova, 2016 na 2018, akawa mchezaji bora wa taifa, na bado timu zilimpita hadi nafasi ya 33. Akiingia ndani anasimama kwa miguu miwili, anadanganya kutupa, anageuka, anadanganya tena, na mkabaji aliye mrefu kwa inchi tano anajikuta ameshapaa na anashuka wakati Brunson ndiyo kwanza anatupa. Hilo halihitaji kimo. Linahitaji saa nyingi peke yako gimu, na kiti cha plastiki cha kukizunguka kama mkabaji.

Kisa kimoja zaidi, kisha tuje kwenye pesa. Machi 2023, Madison Square Garden, New York. Markquis Nowell wa Kansas State, mtoto wa Harlem, futi 5 na inchi 8 kwenye karatasi. Ameumia kifundo cha mguu, anachechemea. Dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza dhidi ya Michigan State, timu ziko sare. Nowell anadunda mpira katikati ya uwanja huku amemgeukia kocha wake, wanabishana kwa mikono. Wakabaji wanageuka kutazama ugomvi. Ghafla, bila hata kuangalia vizuri, anarusha mpira juu kuelekea kikapuni, na Keyontae Johnson yuko hewani anaupokea na kudanki kinyumenyume. Kumbe ugomvi ulikuwa danganya toto. Usiku ule alitoa asisti 19, rekodi ya mashindano ya NCAA. Miezi mitatu baadaye drafti ikafanyika, na hakuna aliyemtaja. Toronto walimpa mkataba wa njia mbili, ambao nitaueleza hapa chini, na dakika alizopata NBA zilikuwa za kuhesabika. Sikuambii haya kukukatisha tamaa. Nakuambia kwa sababu huyo wakala atakuonyesha video za mpwa wako zikiwa na muziki, na video ya Nowell ni nzuri kuliko zote alizonazo.

Pesa sasa. Anayechaguliwa raundi ya kwanza anapata mkataba wenye miaka miwili ya uhakika. Raundi ya pili haina uhakika huo, ni maelewano. Asiyechaguliwa anaweza kupata mkataba wa njia mbili, yaani muda mwingi yuko timu ya Ligi ya G, ile ya chini ya NBA, na anaweza kupandishwa kwa mechi zisizozidi 50. Kila timu ina nafasi tatu za namna hiyo. Msimu wa 2024-25 mkataba huo ulilipa dola 578,577, ambazo ni nusu ya mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mpya. Anayekosa hata huo akabaki Ligi ya G kavu alilipwa kama dola 43,000 kwa msimu huo huo. Wewe wa lori nadhani unamzidi.

Upande wa pili wa mizani ni chuo, na chuo cha leo si cha VanVleet. Tangu Julai 2021 wanamichezo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ndiyo maana waliojiandikisha drafti mapema walikuwa 353 mwaka 2021, na 2025 wakabaki 106. Vijana wamepiga hesabu. Gadi mzuri wa mwaka wa nne kwenye chuo kikubwa anaweza kulipwa kuliko atakavyolipwa Ligi ya G, huku akiendelea kuonekana na huku shahada ya mama inakaribia.

Nami ningependa kumwona akipandishwa darasa kabla ya kuhukumiwa. Pointi 19 dhidi ya magadi wa ligi ndogo haziniambii atafanya nini akibanwa na watu wepesi kila usiku. Walter Clayton Jr. alicheza miaka miwili chuo kidogo cha Iona, akahamia Florida, 2025 akatwaa ubingwa na kuwa mchezaji bora wa fainali, akachaguliwa wa 18. Ana futi 6 na inchi 2. Mark Sears alianzia hapo hapo kwenu, Ohio University, akahamia Alabama, akaifikisha nusu fainali ya taifa 2024, akafunga mno. Yeye yuko chini ya Clayton kwa inchi kadhaa. Mwaka ule ule wa 2025 hakuchaguliwa, akapata mkataba wa njia mbili na Milwaukee. Florida na Alabama ziko ligi moja, mwaka ulikuwa mmoja, wote wauaji. Uone jinsi hizo inchi zinavyopimwa.

Sasa, kujiandikisha peke yake si dhambi. Mwanafunzi anaweza kujiandikisha, akaomba kamati ya NBA imwambie ingemweka wapi, akafanya mazoezi mbele ya timu zikimwita, kisha akajitoa kabla ya tarehe ya NCAA na kurudi chuoni bila kupoteza kitu. Mwaka 2025 mwisho ulikuwa Mei 28. Mwaka huu utazameni wenyewe, muuandike ukutani. Kuna pia kambi ndogo ya Ligi ya G huko huko Chicago, hufanyika kabla ya ile kubwa, na wanaong'ara hupandishwa. Akipata mwaliko wa moja kati ya hizo, aende. Asipopata hata mmoja, huo nao ni ujumbe, tena ni wa bure.

Kuhusu wakala: mwulize kama ameidhinishwa na chama cha wachezaji wa NBA, na kama ameidhinishwa na NCAA. Yote mawili. Mpwa wako akisaini na mtu asiye na kibali cha NCAA anaweza kukuta mlango wa kurudi chuoni umefungwa, na hapo "jina la moto" litawachoma nyinyi wawili na dada yako. Akianza kukujibu kwa hadithi badala ya karatasi, mpe namba yangu. Napenda hadithi.

Na mwaka wake wa nne autunze. Zakai Zeigler wa Tennessee, naye futi 5 na inchi 9, mkabaji bora wa ligi yao mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, alimaliza miaka minne akaenda mahakamani kuomba wa tano. Hakimu alikataa amri aliyoiomba, na drafti nayo ikampita. Wenye miaka wanaitupa, waliokwisha wanaitafuta kortini.

Mwambie dada abaki na msimamo wake, na wewe nifanyie kazi moja. Msimamishe kijana pale pale mlangoni, anyooshe mikono kama anayepokea mgeni, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Donovan Mitchell alipimwa bila viatu akawa futi 6 na inchi 1 na ushee, wala si jitu, lakini mikono yake ilitandaa futi 6 na inchi 10, na 2017 akachaguliwa wa 13. Niandikie pia anatia mitupo huru mingapi kwa mia, anapoteza mipira mingapi kwa kila asisti, na akipokea pasi amesimama pembeni bila kudunda anatia mitupo mingapi ya pointi tatu kwa kumi. Pointi 19 usiniandikie tena, nimezisikia.

*Kocha, mimi sielewi. Mtu akishafunga pointi elfu tatu na zaidi chuoni, timu inataka nini tena? Si ndiyo kazi yenyewe, kufunga?*
*Mpenda Takwimu*

Nadhani unamsema Antoine Davis wa Detroit Mercy. Alifunga pointi 3,664, akabakiza tatu tu kumfikia Pete Maravich mwenye 3,667. Davis alitumia misimu mitano, Maravich mitatu, tena Maravich hakuwa hata na mstari wa pointi tatu. Na ndiyo, 2023 Davis hakuchaguliwa. Alikuwa gadi mwembamba wa futi 6 na inchi 1, na chuoni mpira ulikuwa wake mwanzo hadi mwisho. NBA mpira una wenyewe. Timu inayokuajiri ina mtu wa dola milioni 50 aliyeushika tayari, na inakutafuta wewe umsaidie, sio umpokonye.

Linganisha na Jacob Gilyard wa Richmond, futi 5 na inchi 8 au 9 kutegemea umeuliza nani. Huyu ni bingwa wa wakati wote wa NCAA kwa kupora, mipira 466. Naye hakuchaguliwa, 2022. Lakini Memphis walipojaa majeruhi msimu wa 2023-24, alianza mechi nyingi tu. Kuna siku timu inahitaji mtu wa kusumbua dakika 20 bila kudai chochote, na siku hiyo simu inampigia yeye.

*Shikamoo kocha. Mimi ni msichana, gadi, futi 5 na inchi 5, niko mwaka wa pili chuoni. Kila mtu anazungumzia NBA. Na sisi je?*
*Namba 4*

Marahaba binti yangu, na samahani, una haki ya kulalamika. Kwenye WNBA, ile NBA ya wanawake, kimo chako hakitishi kama cha mpwa wa dereva wetu. Crystal Dangerfield wa UConn ana futi 5 na inchi 5 kama wewe. Mwaka 2020 Minnesota walimchukua raundi ya pili, wa 16, na mwisho wa msimu akawa mchezaji mpya bora wa ligi, wa kwanza kutoka raundi ya pili kulipata tuzo hilo. Lakini soma na ukurasa wa nyuma: Mei 2022 timu hiyo hiyo ilimwacha. WNBA ina timu chache na viti vyake vinahesabika, kwa hiyo kuchaguliwa na kubaki ni safari mbili tofauti. Wewe bado una muda. Sheria yao inataka mchezaji wa Marekani awe anatimiza miaka 22 mwaka wa drafti au amemaliza chuo, basi hakuna jamaa wa moto atakayekusumbua mwaka huu. Ongeza mtupo wa mbali, futi mbili nyuma ya mstari. Wakabaji warefu hawapendi kutoka nje hadi huko.

*Kocha, kwa heshima zote, wewe mwenyewe ulikuwa na kimo gani, na mbona hatujawahi kukuona popote?*
*Mchokozi*

Sentimita 168, mchokozi, na sikuvuta pumzi. Kocha wangu wa wakati ule aliniandika 178. Siku skauti alipokuja, kocha alinivalisha soksi jozi tatu na kunipigilia karatasi kwenye visigino. Nilitembea kama bata. Mgeni alinipa mkono, akaitazama karatasi yenye majina, akanitazama mimi, akaikunja taratibu na kuitia mfukoni. Nilicheza mechi nzima nikihisi ile karatasi imekunjwa.

Kwa miaka nilimlaumu kocha na zile sentimita kumi. Kisha mtu akanipatia mkanda wa mechi ile, nikautazama nikiwa mtu mzima na kalamu mkononi. Mara ya kwanza mkabaji wangu alinifungia upande wa kulia. Mara ya pili pia. Kufikia robo ya pili timu nzima ilikuwa imehamia upande huo kunisubiri. Mkono wa kushoto, bwana, nilikuwa nautumia kushikia taulo.